Kategoria 63 kwa makala 480: kupanga upya tovuti ya wakulima na wauza samaki wa Kisumu

Kisa hiki kimejengwa kwa ajili ya mafunzo, kwa hivyo hakuna shirika halisi lililofichwa nyuma yake. Kasoro zilizomo ndizo zile zile zinazozikumba tovuti za WordPress (programu ya kujengea tovuti) zinazokua bila mpango, na marekebisho yake yanaweza kufuatwa hatua kwa hatua kwenye tovuti yoyote ya aina hiyo.

Tovuti yenyewe ni ya muungano wa wakulima na wauza samaki wenye ofisi jijini Kisumu. Inahudumia kaunti kumi: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Kisii, Nyamira, Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia. Mhariri yuko ofisini, na waandishi wengine wako nyanjani, wakituma makala kwa simu kutoka Chwele, Oyugis, Luanda na kwingineko. Makala yamefika 480, kategoria 63. Wasomaji wengi huingia kupitia kiungo kilichotumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, wakasoma ukurasa mmoja, wakatoka.

Malalamiko ni mawili. Mkulima wa Bondo anayetaka bei ya mahindi katika Siaya hulazimika kufungua kurasa nne au tano ndipo aipate, na kila ukurasa unakula bando lake. Waandishi nao hawajui watie alama kwenye kisanduku kipi cha kategoria, hivyo wanatia kwenye vingi iwezekanavyo, wakitumaini kimojawapo kitakuwa sahihi.

## Orodha moja, maswali manne

Kabla ya kugusa chochote, orodha ya kategoria itolewe nje ya tovuti na kuwekwa kwenye jedwali. Seva ikiruhusu laini ya amri, yaani kuandika maagizo badala ya kubofya, WP-CLI, zana ya WordPress ya kazi hiyo, huitoa kwa mstari mmoja:

```
wp term list category --fields=term_id,name,slug,parent,count --format=csv > kategoria.csv
```

Vifurushi vya bei nafuu vya kuhifadhi tovuti mara nyingi havina laini ya amri. Hapo ingia Posts, kisha Categories, fungua Screen Options upande wa juu kulia, pandisha idadi ya vipengele kwa kila ukurasa hadi 100, kisha nakili orodha nzima.

Jedwali la kisa hiki linasema hivi. Kaunti ni 10. Chini ya kila kaunti kuna Bei, Ushauri na Mikutano, yaani 30. Mazao, mifugo na samaki ni 14. Zinazobaki ni 9: Uncategorized (chaguo-msingi la WordPress kwa makala yasiyopewa kategoria), Habari, News, Maize, Dagaa, Masika 2022, Masika 2023, Ukurasa wa mbele na Zabuni.

Ugonjwa uko hapa. "Siaya" inajibu swali la wapi. "Bei" inajibu swali la makala ni ya aina gani. "Mahindi" inajibu swali la inahusu nini. "Masika 2023" inajibu swali la lini. Maswali manne yamemwagwa kwenye safu moja ya visanduku, na mwandishi anaombwa ayajibu yote kwa pamoja bila kuambiwa kwamba ni manne. Ndiyo maana makala moja kuhusu bei ya mahindi Bondo ina alama Siaya, alama Bei chini ya Siaya, alama Mahindi, na nyingine inayofanana nayo ina alama Bei pekee, tena ile iliyo chini ya Kisumu, kwa sababu ndiyo iliyoonekana kwanza kwenye skrini ndogo ya simu.

Kuzidisha ndiko kunakoua mpango kama huu. Aina 5 za makala, kaunti 10 na bidhaa 14 zikifungwa kwenye orodha moja ya ngazi zinahitaji vipengele 700 ili kila mchanganyiko uwe na mahali pake. Zikitenganishwa katika orodha tatu zinahitaji 29, na mchanganyiko wowote kati ya ile 700 unapatikana kwa kukutanisha orodha hizo.

WordPress yenyewe huacha ushahidi wa kosa hili kwenye anwani. Kategoria ya kwanza iliyoitwa Bei ilipata jina fupi la anwani "bei". Ya pili, chini ya Siaya, haikuweza kulichukua jina hilo, kwa hivyo mfumo ukaliongezea jina la mzazi: "bei-siaya". Kisha "bei-vihiga", "bei-busia", na kuendelea. Ukiona mkia wa namna hiyo ukijirudia kwenye jedwali lako, ujue swali moja limepachikwa ndani ya jingine.

Tahadhari moja kuhusu safu ya hesabu kwenye jedwali. Nambari iliyo mbele ya Siaya inahesabu makala yaliyotiwa alama Siaya moja kwa moja na yaliyochapishwa tu. Ukurasa wa Siaya, kwa upande wake, unaonyesha pia makala ya watoto wake wote. Kategoria yenye sifuri kwenye jedwali inaweza kuwa na ukurasa uliojaa. Usiifute kwa kuangalia nambari.

## Kipi kibaki kategoria, kipi kihame

Swali la aina ya makala libaki kwenye kategoria za kawaida za WordPress. Sababu ni ya kiufundi: makala ya kawaida hayaruhusiwi kukaa bila kategoria. Ukihamisha kila kitu kwenye makundi mapya na kuziacha kategoria tupu, kila makala mapya yataangukia Uncategorized, na neno hilo litachomoza mbele ya wasomaji. Afadhali kategoria zifanye kazi hiyo moja: Bei za soko, Ushauri wa shamba, Mikutano na mafunzo, Zabuni, Habari. Uncategorized haifutiki ikiwa ndiyo chaguo-msingi, lakini hubadilishwa jina bila shida. Hapa kategoria ya Habari tayari ipo, kwa hivyo ingia Settings, kisha Writing, uifanye hiyo kuwa chaguo-msingi, halafu Uncategorized itakubali kufutwa.

Mahali na bidhaa zipate taksonomia zake, yaani orodha zake za makundi, kila moja peke yake.

Msimu usipewe kitu. Kila makala ina tarehe, na makala ya Machi hadi Mei tayari yanajulikana kuwa ya mvua ndefu. Kategoria ya "Masika 2023" ilidai kazi kutoka kwa waandishi kila wiki na haikumjibu msomaji swali ambalo tarehe haikulijibu. Zaidi ya hayo, anayejaribu kusajili taksonomia yenye jina "year", "day", "type" au "order" ataivuruga tovuti yake, kwa kuwa WordPress imeyahifadhi majina hayo kwa matumizi ya ndani ya maulizo yake.

"Ukurasa wa mbele" nayo iondoke. Hiyo ni kazi ya kubandika makala juu, na kitufe chake kipo kwenye kihariri.

Je, bei zistahili aina yake ya maudhui, kitu tofauti kabisa na makala? Swali hili huulizwa mapema mno. Aina mpya ya maudhui inafaa pale kila ingizo linapokuwa na sehemu zake maalumu: soko, bidhaa, kipimo, shilingi, tarehe, na unataka kuchora grafu au kulinganisha masoko ya Kibuye na Chwele. Hapa waandishi wanatuma aya moja kwa simu: mahindi gunia la kilo 90 kiasi hiki, omena gorogoro kiasi hiki. Ingizo la namna hiyo ni makala, na libaki makala. Kuwapa waandishi fomu ya visanduku sita kabla hawajazoea kutia alama tatu ni kuwafukuza.

## Majina ya vipengele

Kaunti ni kumi na majina yake hayana ubishi. Kisumu ina kaunti ndogo saba: Kisumu ya Kati, Kisumu Mashariki, Kisumu Magharibi, Seme, Nyando, Muhoroni na Nyakach. Kuna kishawishi cha kuziingiza zote, na wadi 35 chini yake. Kizuie. Ukurasa wa kundi wenye makala mawili unamwambia msomaji kwamba tovuti imekufa. Ngazi ya pili iongezwe kaunti ndogo moja moja, pale inapokuwa na makala yasiyopungua kumi yanayoihusu yenyewe. Nyando inaweza kufika huko mapema kwa sababu ya mpunga wa Ahero.

Bidhaa 14 ziwe chini ya wazazi wanne. Nafaka: mahindi, mtama, wimbi, mpunga. Mboga: sukuma wiki, nyanya, vitunguu, mboga za kienyeji. Mifugo: ng'ombe wa maziwa, kuku, mbuzi. Samaki: omena, mbuta, ngege. "Maize" iingie ndani ya mahindi na "Dagaa" ndani ya omena, kwa kuwa omena ndilo jina linalotumika kwenye fuo za Ziwa upande wa Kenya na ndilo msomaji atakaloliandika.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosa. Kisanduku cha kutafuta cha WordPress husoma kichwa, muhtasari na mwili wa makala. Hakisomi majina ya makundi. Makala kuhusu gugu la striga yenye alama Mahindi haitapatikana kwa mkulima wa Nyakach anayeandika "kayongo", hata ukiunda kundi lenye jina hilo. Jina la mtaani liwemo ndani ya maandishi yenyewe, katika aya ya kwanza.

## Kusajili

Kwanza nakala ya akiba: hifadhidata kwa `wp db export`, na folda yote ya wp-content. Kisha kazi ifanywe kwenye nakala ya majaribio ya tovuti, si kwenye tovuti hai.

Msimbo wa kusajili taksonomia hizo usiwekwe kwenye functions.php, faili la mandhari (theme, yaani sura ya tovuti). Siku mandhari itakapobadilishwa, makundi yote yatatoweka kwenye dashibodi. Data hubaki kwenye hifadhidata, lakini hakuna njia ya kuifikia mpaka usajili urudishwe. Uwekwe kwenye plagini (programu ya nyongeza) ndogo, au kwenye faili moja ndani ya wp-content/mu-plugins:

```
<?php
/* Plugin Name: Makundi ya Makala */
add_action( 'init', function () {
  register_taxonomy( 'mk_zao', 'post', array(
    'labels' => array(
      'name'          => 'Mazao, mifugo na samaki',
      'singular_name' => 'Bidhaa',
    ),
    'hierarchical'      => true,
    'show_in_rest'      => true,
    'show_admin_column' => true,
    'rewrite'           => array( 'slug' => 'zao' ),
  ) );
  register_taxonomy( 'mk_kaunti', 'post', array(
    'labels' => array(
      'name'          => 'Kaunti',
      'singular_name' => 'Kaunti',
    ),
    'hierarchical'      => true,
    'show_in_rest'      => true,
    'show_admin_column' => true,
    'rewrite'           => array( 'slug' => 'kaunti' ),
  ) );
} );
```

Jina la taksonomia lisizidi herufi 32, liwe kwa herufi ndogo, na lianze na kiambishi chako mwenyewe, hapa "mk_", ili lisigongane na plagini nyingine. Msimbo ukikutisha, plagini ya Custom Post Type UI inafanya kazi hii kwa fomu, na machaguo ni yale yale.

`show_in_rest` ikikosekana, taksonomia itaonekana kwenye menyu ya dashibodi lakini kisanduku chake hakitatokea kwenye kihariri cha vizuizi (block editor). Hili ndilo kosa linalopoteza saa nyingi kuliko yote, maana kila kitu kingine kinaonekana kuwa sawa.

`hierarchical` iwe kweli hata kwa orodha isiyo na ngazi. Taksonomia isiyo na ngazi hufanya kazi kama lebo: mwandishi anaandika neno, na neno lisilokuwepo linaundwa papo hapo. Ndani ya miezi michache utakuwa na Siaya, siaya county na Saiya. Yenye ngazi hutoa visanduku vya kutia alama, na mwenye cheo cha Author hana ruhusa ya kuunda kipengele kipya. Kwa waandishi wanaotumia simu yenye kusahihisha maneno kwa lazima, ulinzi huu ni wa thamani kubwa.

Ndani ya `rewrite` kuna chaguo la kuonyesha ngazi kwenye anwani, yaani /zao/nafaka/mahindi/. Tumeliacha kwa makusudi. Anwani ikibaki /zao/mahindi/, unaweza kumhamisha mzazi wakati wowote bila kuvunja kiungo.

Baada ya kusajili, ingia Settings, kisha Permalinks, ubonyeze Save Changes bila kubadilisha kitu. Usipofanya hivyo, /kaunti/siaya/ itarudisha ukurasa wa 404 (haupatikani) ingawa kipengele kipo na kina makala. Hakikisha pia hakuna ukurasa wa kawaida wenye anwani /zao/ au /kaunti/.

## Kuhamisha makala

Kwenye jedwali, kila kategoria ya zamani iongezewe safu tatu: aina mpya, zao, kaunti. "bei-siaya" inakuwa aina bei-za-soko, kaunti siaya, zao wazi. "Maize" inakuwa zao mahindi, mengine wazi. Kategoria mpya ya Bei za soko ipewe jina la anwani ambalo halijatumika, kwa maana "bei" bado inashikiliwa na ile ya Kisumu.

Unda vipengele vyote kwanza, ukiandika jina la anwani wewe mwenyewe:

```
wp term create mk_kaunti "Homa Bay" --slug=homa-bay
```

Kisha kila mstari wa jedwali unageuka kitanzi kimoja:

```
for id in $(wp post list --category_name=bei-siaya --format=ids); do
  wp post term add $id mk_kaunti siaya
  wp post term add $id category bei-za-soko
done
```

Amri ya `add` huongeza. Ndugu yake `set` hufuta vipengele vyote vilivyokuwepo katika taksonomia hiyo na kuweka ulichokitaja peke yake, kwa hivyo usiikaribie katika hatua hii. Jihadhari pia na tahajia: ukiandika "sayia", WordPress haitakukatalia, itaunda kipengele kipya chenye jina hilo na kuendelea. Baada ya kila kitanzi tazama `wp term list mk_kaunti --fields=name,count`. Majina yakizidi kumi, kuna kosa.

Ukiita kategoria mzazi, kama siaya, utaletewa na makala ya watoto wake. Kwa kaunti hilo halina madhara, maana kuongeza kipengele ambacho makala tayari inacho hakufanyi kitu. Ila usitumie kategoria mzazi kuweka aina ya makala.

Pasipo laini ya amri, kazi hufanywa kwenye orodha ya Posts. Chuja kwa kategoria ya zamani, chagua makala yote yanayoonekana, chagua Edit kwenye Bulk actions, tia alama vipengele vipya, bonyeza Update. Usichague zaidi ya 50 kwa mara moja. Fomu hiyo hutuma kila kitu ndani ya anwani, na anwani ikiwa ndefu kupita kiasi seva huikataa. Makala 480 yatamalizika kwa njia hii katika siku moja ya kazi iliyotulia, na pengine ni bora hivyo, kwa kuwa macho ya binadamu yanahitajika kwa yale mabaki yenye alama "Siaya" tu au "Habari" tu. Hakuna amri inayoweza kujua kwamba makala fulani yanahusu kuku.

Kategoria za zamani zifutwe mwisho kabisa. Kufuta kategoria hakufuti makala, lakini makala ambayo haina kategoria nyingine husukumwa kwenye chaguo-msingi, na hapo taarifa ya ilikotoka imepotea. Ukifuta mzazi kabla ya watoto, watoto hupanda ngazi moja juu na kubaki. Anza na watoto.

## Viungo vilivyoko tayari kwenye WhatsApp

Hili ndilo linalostahili kupewa muda mwingi zaidi. Kiungo kilichotumwa kwenye kikundi mwaka juzi bado kinafunguliwa, na msomaji akikutana na 404 hatatafuta, ataondoka.

Tovuti hii ilitumia muundo wa anwani wa /%category%/%postname%/. Makala yenye kategoria kadhaa hupewa anwani kwa ile yenye nambari ndogo zaidi ya kitambulisho, yaani iliyoundwa kwanza, si iliyo muhimu zaidi. Mhariri akiiondoa alama hiyo, anwani inabadilika. WordPress hujitahidi kumsukuma msomaji kwenye anwani mpya, lakini msaada huo unategemea muundo uleule kubaki. Sisi tunauondoa: muundo mpya uwe /%postname%/, ili kupanga makundi kusiguse tena anwani ya makala hata siku moja.

Kwa hiyo sheria za kuelekeza upya ziandikwe kwa mkono, kwa plagini ya Redirection au kwenye faili la .htaccess, zote kwa msimbo wa 301, unaosema anwani imehama kabisa. Ya makala ni moja, yenye orodha ya majina ya anwani ya kategoria zote za zamani za ngazi ya juu:

```
^/(?:kisumu|siaya|vihiga|busia)/(?:.+/)?([^/]+)/?$   →   /$1/
```

Hapa zimetajwa nne. Kwenye tovuti ziandikwe zote, zikiwemo za bidhaa na zile tisa za mchanganyiko. Kuna anayeona uvivu akaandika sheria inayokamata sehemu yoyote ya kwanza ya anwani. Sheria hiyo itazikamata pia /zao/mahindi/ na /kaunti/siaya/, na kurasa zako mpya zitakufa siku ile ile zilipozaliwa.

Kurasa za makundi zinahitaji sheria moja moja. /category/siaya/ iende /kaunti/siaya/. /category/siaya/bei-siaya/ iende /kaunti/siaya/?category_name=bei-za-soko, ambayo inaonyesha makala yenye alama zote mbili. Zile ndefu zitangulie, fupi zifuate. Kila anwani ya zamani ielekezwe moja kwa moja mwisho wa safari, isipitie anwani nyingine njiani. Kwenye mtandao hafifu wa vijijini kila ruko ni sekunde za kusubiri.

## Mbele ya msomaji

Menyu kuu ibebe aina tano tu. Unapozijenga menyu kwenye Appearance, Menus, taksonomia mpya huenda zisionekane upande wa kushoto. Fungua Screen Options uzitie alama.

Chini ya menyu, weka fomu ya orodha mbili za kuchagua: bidhaa na kaunti. Haihitaji JavaScript. Inatuma anwani kama /?mk_zao=mahindi&mk_kaunti=siaya na WordPress inaelewa kwamba zote mbili lazima zitimie. Ukiitengeneza kwa `wp_dropdown_categories`, weka `'value_field' => 'slug'`. Bila hiyo, fomu hutuma nambari ya kipengele, WordPress inatafuta kipengele chenye jina la anwani "37", na msomaji haletewi makala yoyote. Weka pia `'name'` iwe sawa na jina la taksonomia.

Kichwa cha ukurasa wa mchanganyiko kitataja kundi moja tu kati ya mawili, kwa hivyo kiolezo (faili linalopanga ukurasa) kiandikiwe sentensi yake: "Mahindi, kaunti ya Siaya." Mchanganyiko usio na makala hautoi 404, unatoa orodha tupu. Andika hapo kwamba bado hakuna makala, na uweke viungo viwili, cha mahindi kote na cha Siaya yote.

Orodha za vipengele huficha vilivyo tupu. Mhariri aliyeunda Nyamira leo na haioni kwenye fomu asiunde nyingine. Itatokea makala ya kwanza ikichapishwa.

Yako makala yasiyo ya kaunti yoyote, kama ushauri wa kupambana na viwavijeshi vamizi, ambao tangu 2017 wanasumbua mahindi kotekote. Usiwaruhusu waandishi kutia alama kaunti zote kumi. Kisanduku cha kaunti kiachwe wazi, na kiolezo cha ukurasa wa kaunti, faili la taxonomy-mk_kaunti.php, kiwe na sehemu ya pili yenye kichwa "Kwa kaunti zote", inayovuta makala kwa `tax_query` yenye `'operator' => 'NOT EXISTS'`.

Jaribu fomu kwa mahindi na Siaya, kisha mtama na Busia. Ukiletewa orodha ile ile mara mbili, kache ya ukurasa (nakala iliyohifadhiwa ili kurasa zifunguke haraka) inapuuza kinachofuata alama ya kuuliza kwenye anwani. Irekebishe kwenye mipangilio ya plagini ya kache kabla ya kuifungua tovuti kwa watu.

## Kwa waandishi

Maagizo yao yatoshe kwenye ujumbe mmoja wa simu: aina moja, bidhaa moja au mbili, kaunti moja au wazi. Mzazi asitiwe alama mtoto akitiwa. Makala ya mahindi hujitokeza yenyewe kwenye ukurasa wa Nafaka. Kipengele kipya kiombwe kwa mhariri, naye akikubali tu pale makala matano yanayokihitaji yanapokuwa yamekwisha kuandikwa.

Mhariri asome kumbukumbu ya 404 ya Redirection kila Jumatatu kwa miezi mitatu ya kwanza. Anwani inayojirudia hapo iandikiwe sheria siku hiyo hiyo. Muungano ukiamua baadaye kuhudumia kaunti zote 14 za jumuiya ya kiuchumi ya ukanda wa Ziwa, itabidi ziongezwe Bomet, Kericho, Nandi na Trans Nzoia: vipengele vinne kwenye orodha ya kaunti, bila kugusa bidhaa wala aina. Kwa mpango wa zamani zingekuwa kategoria 16 mpya, na visanduku 79 kwenye simu ya mwandishi aliye Chwele.